Mwonyesha Njia wa Chuma



Wazazi kadhaa wametuletea swali moja kwa maneno mbalimbali. Wanauliza: hizi roboti zinazoonyesha watu njia katika viwanja vya ndege, majumba ya makumbusho na hospitali, zinaonaje? Zinatupitaje sisi binadamu bila ya kutugonga? Na nyuma ya maswali hayo lipo jingine linaloulizwa kwa sauti ya chini: vijana wetu wanaopata mshahara kwa kusimama mlangoni na kuelekeza wageni, kesho watakula wapi? Tumeona vyema safu yetu ya mwezi huu ilizungumze jambo hili, kwani linatugusa sote tuliokuja Doha kutafuta riziki.

Tuanze na lililotokea hapa hapa mjini, na ambalo ulimwengu mzima ulilishuhudia. Metro ya Doha ilifunguliwa mwezi wa Mei 2019. Treni zake hazina dereva. Kompyuta ndiyo iziondoshayo, iziharakishayo na izisimamishayo. Ulipofika mwisho wa mwaka 2022, wageni wa Kombe la Dunia wakafurika Souq Waqif, na wengi wao hawakujua kituo kiko upande gani. Hapo ndipo alipotokea kijana wa Kikenya, Abubakr Abbas, mwenye umri wa miaka 23. Aliketi juu ya kiti kirefu, ana kipaza sauti na mkono mkubwa wa sponji uliokunjuliwa kidole, akawa anaita kwa Kiingereza, kwa mahadhi ya wimbo: "Metro? Njia hii!" Umati ukaitikia. Picha zake zikaenea duniani, na tarehe 25 Novemba akaalikwa katika uwanja wa Al Bayt kabla ya mchezo wa Uingereza na Marekani, akautumbuiza umati kwa mwito ule ule.

Tafadhalini litazameni jambo hili kwa makini. Treni iliweza kwenda bila ya dereva, lakini watu walihitaji mwenzao awafikishe kwenye treni. Kwa nini kazi inayoonekana kubwa ifanywe na mashine, na ile inayoonekana ndogo imhitaji mtu? Jibu ni kwamba treni ina reli. Haichagui njia, na pale kituoni imetengwa na abiria kwa ukuta na milango ya kioo. Roboti inayotembea ukumbini haina reli wala ukuta. Mbele yake kuna mzee mwenye mkongojo, mama anayesukuma kigari cha mtoto, vijana wanaotazama simu zao, na mtoto aliyemponyoka baba yake. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemwambia mwenziwe anakokwenda.

Ili itembee, roboti ya namna hiyo hujiuliza maswali matatu kila wakati. La kwanza: niko wapi? Nayo hulijibu kwa ramani ya jengo iliyohifadhiwa ndani yake, na kwa miali ya leza inayoitupa pande zote. Mwali hutoka, hugonga ukuta, kisha hurudi. Kwa kuupima muda huo mashine huujua umbali, ikaulinganisha na ramani. La pili: nipite njia gani? Hapa huihesabu njia fupi iliyo wazi mpaka mwisho wa safari. La tatu ndilo gumu: ni nani aliye mbele yangu, na anakwenda wapi? Mara nyingi katika kila sekunde mashine hukadiria upya mwendo wake na upande wa kugeukia, ili isishike mwendo ambao haitaweza kuusimamisha kabla ya kumgusa mtu.

Mambo haya si mageni kama tudhanivyo. Mwaka 1997, katika jumba la makumbusho mjini Bonn, Ujerumani, roboti iliyoitwa RHINO ilifanya kazi ya kuwatembeza wageni kwa siku sita, ikawahudumia zaidi ya watu 2,000. Taabu yake moja ilikuwa vioo. Mwali wa leza hupenya kioo, hivyo kabati la maonyesho lililo mbele ya mashine huwa kama halipo. Watengenezaji wakalazimika kuyaandika makabati hayo katika ramani, ili mashine iepuke kile isichokiona kwa kuwa tu imeambiwa kipo.

Mwaka uliofuata, 1998, ndugu yake aitwaye Minerva alipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Huko taabu ilikuwa watu wenyewe. Walimzunguka kwa wingi hata kuta zikafichika, na roboti isiyoiona kuta haijui iko wapi. Dawa iliyotumika ni nzuri sana. Minerva aliwekewa kamera inayotazama juu, darini, kwa sababu hata ukumbi ujae namna gani, dari haizibwi na watu. Manahodha wetu wa majahazi wangaliielewa hekima hiyo bila ya kufafanuliwa: pwani ikipotea machoni, mtu huinua uso akazitazama nyota.

Minerva alipewa pia uso wenye nyusi na mdomo viwezavyo kusogea. Njia ilipokuwa nyeupe alitabasamu. Watu walipomzuia alionyesha huzuni, na wakiendelea kumzuia alikunja uso na kuwataka wampishe. Nasi tunao mwito wetu wa karne nyingi kwa shida hiyo hiyo. Katika vichochoro vya Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, hamali mwenye mkokoteni hupaza sauti: "Simile! Simile!" Aliye mbele haulizi ni nani, hujibana ukutani, mzigo ukapita, kila mtu akaendelea na safari yake. Neno moja latosha kwa sababu pande zote mbili zinaijua sheria yake.

Na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Peter Trautman na Andreas Krause, walieleza maradhi yanayozipata roboti katika msongamano: huganda. Mashine huona watu kumi mbele yake. Huwaza kwamba kila mmoja wao aweza kwenda upande wowote. Ikizijumlisha hatari zote hizo, hukuta kwamba hakuna njia iliyo salama, basi husimama pale pale ikawa kizuizi. Wataalamu hao walionyesha kwamba tiba si kuiongezea mashine macho tu. Lazima ihesabu pia kwamba binadamu hupishana: mimi nasogea kidogo kwa sababu nakuona, nawe unasogea kidogo kwa sababu unaniona. Asiyewatarajia wenzake kumpisha hawezi kupita sokoni, awe wa nyama au wa chuma.

Lakini kupishana nako kuna mpaka. Wataalamu walioichunguza picha ya video ya maafa ya Jamarat huko Mina, Januari 2006, ambapo mahujaji zaidi ya 340 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu, walikuta kwamba msongamano ukizidi kiasi fulani watu hawatembei tena kwa hiari yao. Husukumwa kama mtu aliyechukuliwa na mawimbi. Mahali palipofikia hapo, adabu ya mtu mmoja haina nafasi tena, wala werevu wa mashine. Anayeongoza watu hana budi kufanya kazi yake mapema, kabla njia haijajaa. Kijana wetu wa Souq Waqif, kwa kuwaelekeza watu wangali mbali na kituo, alikuwa akiifanya kazi hiyo hasa.

Sasa tulitazame suala la umbali. Mmarekani Edward T. Hall aliandika mwaka 1966 kwamba watu wa kwao huacha kiasi cha sentimita 45 hadi mita 1.2 baina yao na wanaowafahamu, na kutoka hapo hadi mita 3.6 kwa shughuli na watu wa kawaida. Watengenezaji wengi wa roboti wamevitumia vipimo hivyo ili mashine isimsogelee mtu kupita kiasi. Hall mwenyewe alieleza kwamba mataifa hutofautiana, na akawataja Waarabu kwa mfano. Hapa Doha hatuhitaji kitabu kutuambia hivyo. Wanaume wawili marafiki hutembea wameshikana mikono, mabega yao yakigusana. Mwanamume na mwanamke wasio maharimu huachiana nafasi kubwa, hata ndani ya lifti. Roboti yenye kipimo kimoja kwa watu wote itawakosea hawa kwa kuwa mbali mno na wale kwa kuwa karibu mno.

Wako waliojaribu kuifunza mashine adabu zaidi ya hiyo. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2016 Umoja wa Ulaya uligharimia mradi ulioitwa SPENCER, ambao roboti yake ilijaribiwa katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, kuwaongoza abiria wanaobadilisha ndege. Roboti hiyo ilikusudiwa kutambua kwamba watu fulani wako pamoja, isikatize baina yao, na kutazama nyuma ikapunguza mwendo kama wanaoifuata wamechelewa. Familia zetu husafiri na bibi, na watoto wanne, na mabegi yasiyo na idadi. Mwongozaji asiyetazama nyuma, sisi hatumwiti mwongozaji.

Kuhusu watoto, wazazi tusikilizane. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walitoa habari za roboti waliyoitembeza katika jumba la maduka mjini Osaka. Watoto wakiwa peke yao waliizunguka, wakaizuia njia, wakaitukana, wengine wakaipiga mateke. Dawa iliyopatikana inachekesha na kuhuzunisha pamoja: mashine ilifunzwa kuwatambua watoto kwa kimo chao, na ilipoona hatari inakuja, ikakimbilia walipo watu wazima. Hatusemi kwamba chuma kina uchungu. Tunasema kwamba mtoto anayezoea kukizingira na kukipiga teke kitu kinachosema "tafadhali nipishe" anajifunza tabia ambayo haitabaki kwa roboti peke yake.

Hapa Qatar nako mashine hizi zina historia yake. Katika chuo cha Carnegie Mellon, kilichofunguliwa Doha mwaka 2004, palikuwa na mpokeaji wageni wa kompyuta aliyeitwa Hala, uso katika kioo, akijibu kwa Kiarabu na Kiingereza na kuwaelekeza watu ofisi wanazozitafuta. Hala hakutembea, alikuwa mwelekezaji asiye na miguu. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, uwanja wa ndege wa Hamad ulileta roboti zinazojiendesha zenyewe ili kuua vijidudu kwa miali ya mwanga. Hizo zilikuwa na magurudumu, lakini kazi yao haikuwa kuzungumza na msafiri. Mashine yenye kutembea, kuzungumza na kuelewa, kwa pamoja, ni jambo gumu kuliko kila moja peke yake.

Na tukisema kuzungumza, twende Makka. Mwaka 2022 wasimamizi wa Misikiti Miwili Mitakatifu walitangaza roboti ya kuwaelekeza mahujaji na kujibu maswali yao katika Masjid al-Haram. Lugha zake zilikuwa 11: Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi, Kiajemi, Kituruki, Kimalei, Kiurdu, Kichina, Kibengali na Kihausa. Tumefurahi kuona ndugu zetu Wahausa wamo. Kiswahili, chenye wasemaji kutoka Lamu hadi Kisangani na kutoka Kampala hadi Moroni, hakikuwamo katika orodha ile. Hatuandiki haya kwa kulalamika. Mashine hujifunza lugha kutokana na maandishi na sauti ambazo wenye lugha wameziweka mbele ya watu. Nyumba ambayo baba na mama wanasema Kiswahili nao watoto wanajibu kwa Kiingereza inapunguza hazina hiyo kila siku. Bibi yetu atakaposimama mbele ya mashine siku moja, pengine kitakachomzuia kufika anakokwenda hakitakuwa magurudumu yake, bali ulimi wake.

Tulirudie basi lile swali la sauti ya chini. Je, vijana wetu wataondolewa kazini? Haifai kuwadanganya watu. Kazi ambayo ni kusimama mahali pamoja na kurudia maneno mamoja, "choo kushoto, lango la 5 kulia", mashine inaiweza na itazidi kuiweza. Wala si kila kazi ikichukuliwa na mashine huwa ni hasara. Wakazi wa siku nyingi wa nchi hii wanakumbuka jinsi mbio za ngamia zilivyotumia watoto wadogo walioletwa kutoka nchi maskini, Sudan miongoni mwao, wakafungwa migongoni mwa ngamia na wengine wakaumia. Mwaka 2005 Qatar iliyapiga marufuku hayo, na roboti ndogo, ambazo za mwanzo zilitengenezwa na kampuni ya Uswisi, zikakaa mahali pa watoto katika kiwanja cha Al Shahaniya. Kwa kazi hiyo tunasema: Alhamdulillah, mashine na iichukue.

Hata nyumbani zimeshafika. Mwaka 2024 ulifunguliwa mkahawa mjini Nairobi wenye roboti tatu, Claire, R24 na Nadia, zinazobeba chakula hadi mezani. Lakini wahudumu wangalipo: wao ndio wanaochukua maagizo ya wateja, na mashine hubeba sinia. Tunadhani mfano huo una mafunzo. Mashine imechukua mwendo wa kwenda na kurudi. Mtu amebaki na kusikiliza.

Kwa hiyo kijana wetu aliye mlinzi au mpokeaji wageni asijifananishe na roboti katika yale ambayo roboti inayaweza. Ajifunze yale ambayo imeshindwa kuyafanya vyema: kumtambua aliyepotea kabla hajauliza, kujua kwamba mzee huyu anaona haya kuomba kiti cha magurudumu, kuyapunguza makali ya mtu aliyechelewa ndege, kuongeza lugha ya tatu na ya nne juu ya zile alizonazo. Na mwenye nafasi ya kusoma jioni ajifunze ufundi wenyewe, kwani kila mashine inayotembea yahitaji mtu wa kuichorea ramani, wa kuitengeneza inapoharibika na wa kuifunza adabu ya mahali. Ni nani atakayeijua adabu ya ukumbi kuliko aliyesimama humo kwa miaka mitano?

Nao waajiri, wa taifa lolote lile, wanapaswa kukumbushwa jambo moja. Wanaponunua mashine kwa kusudi la kumpumzisha mtu, basi mtu huyo apumzishwe kweli, kwa saa chache za kusimama na kazi iliyo bora zaidi. Isiwe anaondolewa kitini ili akasukume mashine iliyoganda.

Mwisho, tunawapa wasomaji wetu mashauri machache kwa siku mtakapokutana na roboti ukumbini. Tembeeni kwa mwendo wenu wa kawaida bila ya kurukaruka mbele yake, kwani huwa inaukadiria mwendo wenu kwa jinsi mnavyokwenda. Watoto wadogo washikwe mikono; aliye mfupi sana, au aliyeinama chini, huenda mashine isimwone mapema. Msiifunike kwa nguo wala mizigo, kwani mtakuwa mmeifumba macho. Mlangoni mwa lifti iachieni nafasi, kama mnavyomwachia mwenye mkokoteni. Roboti nyingi zina kitufe chekundu cha kuzisimamisha; kijueni kilipo, lakini kisiwe mchezo wa watoto. Na ikiwapeleka msikokutaka, msione haya kumwuliza mtu aliye karibu.

Mara nyingi mtu huyo atakuwa mmoja wetu, amevaa sare, amesimama tangu alfajiri. Mtoleeni salamu kabla ya kuuliza njia, na mumshukuru baada ya kuonyeshwa.